Loki au LSD? Kuchagua difu ya pikapu ya fowili

Mtu akiingiza pikapu kwenye karakana yangu hapa Unga Limited, Arusha, akaniambia anataka difu loki (inayofunga matairi mawili ya ekseli yazunguke pamoja) au LSD (inayozuia tu moja lisizidi mno kasi ya mwenzake), simtajii bei. Namuuliza kwanza anakwama wapi, akiwa amebeba nini, na ni tairi lipi lililokuwa linazunguka bure. La tatu huwashinda wengi. Wanakumbuka matope, wanakumbuka trekta lililowavuta na pesa waliyotoa, lakini tairi hawakuliangalia. Kwa hiyo ukitaka kuchagua difu vizuri, anza na hilo: siku utakayokwama, ondoa mguu kwenye mafuta mapema, shuka, zunguka gari lote. Mchanga uliochimbwa na tope lililorukia bodi vitakuonyesha tairi lililokuwa linahangaika na lile lililosimama tu.

Nasisitiza kwa sababu loki inatatua tatizo moja: tairi moja la ekseli kukosa mshiko huku mwenzake bado anao. Kama matairi yote manne yameingia kwenye mfinyanzi mweusi wa Simanjiro mwezi wa Aprili na yote manne yanazunguka, hata ukifunga loki mbele na nyuma utabaki hapo hapo. Shida yako hapo ni matairi ya lami yaliyoisha meno, au upepo mwingi ndani ya matairi, au mzigo uliozidi. Kwenye mchanga wa makorongo vivyo hivyo: kuteremsha upepo kutoka psi 35 hadi 18 hutoa magari mengi ambayo wenyewe walikuwa tayari kuuza mbuzi wanunue loki. Matairi yanayofaa, kipima upepo, pampu ndogo na koleo vinunuliwe kabla ya difu yoyote.

Sasa difu yenyewe. Kazi yake ni kuruhusu tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Spaida, yaani gia ndogo zilizo ndani yake, zinagawa nguvu sawa kwa sawa, kushoto na kulia. Watu husema nguvu inakimbilia tairi linaloteleza, na sivyo. Nguvu ni ileile pande zote mbili, ila tairi lililo kwenye utelezi huzungushwa na nguvu ndogo mno, na difu haiwezi kumpa mwenzake zaidi ya hiyo ndogo. Ndiyo maana tairi lililo kwenye udongo mkavu linasimama tuli kana kwamba halihusiki.

Ukiingiza fowili, transfa inaunganisha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, lakini kila ekseli inabaki na difu yake. Pikapu ya fowili kwa hiyo inakwamishwa na matairi mawili tu. Vuka mtaro kwa mshazari: la mbele kushoto linaning'inia, la nyuma kulia linaning'inia, gari limekwisha. Na pikapu inaning'iniza tairi la nyuma upesi kuliko gari lingine, kwa sababu springi zake za majani zimetengenezwa kubeba tani. Ikiwa tupu hazipindi, na uzito wote uko mbele kwenye injini. Mtu anashangaa kwamba alipita na magunia asubuhi, jioni akirudi bila kitu akakwama palepale.

Jua kwanza ulicho nacho

Usinunue kitu ambacho tayari kiko chini ya gari. Weka kabari kwenye matairi ya mbele, inua ekseli yote ya nyuma uiweke juu ya stendi, gia iwe nyutro, hendibreki chini. Zungusha tairi moja kwa mkono. La upande wa pili likienda kinyume kwa wepesi, una difu ya kawaida, au LSD ya sahani ambayo sahani zake zimekwisha. Yakienda pamoja upande mmoja na propela ikizunguka, una LSD iliyo hai au loki iliyonasa. LSD ya gia inaweza kukudanganya kwenye kipimo hiki, kwani nyingine haishiki mpaka ipate nguvu ya injini, kwa hiyo angalia pia kibandiko au kibao karibu na mfuniko wa oili. Wenye kiwanda hupenda kuandika pale kwamba itumike oili ya LSD tu.

Kwenye Toyota kuna kibati chenye namba ya chesisi, na ndani yake neno AXLE likifuatwa na herufi na tarakimu. Kipige picha. Muuza spea anayeijua kazi yake atatoa humo uwiano wa difu na aina yake. Nissan Patrol za Y60 na Y61 nyingi zilitoka kiwandani na LSD nyuma, na wenye nazo wengi hawajui, wanatia oili yoyote. Land Cruiser za mfululizo wa 70 nyingine zina kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi: ukikizungusha mara ya kwanza inafungwa difu ya nyuma, mara ya pili na ya mbele. Nimeletewa magari ya aina hiyo ambayo kitufe hakijaguswa tangu gari linunuliwe.

LSD

LSD ya sahani ina sahani ndogo zilizopangwa kama za klachi, zinazobana tairi moja lisizidi mno kasi ya mwenzake. Inafanya kazi yenyewe, dereva hagusi kitu. Kwenye moramu yenye utelezi wa umande, au barabara ya changarawe inayopanda, utahisi gari limetulia. Ila sahani zinaisha. LSD iliyokula kilomita nyingi kwa oili isiyo yake ni difu ya kawaida yenye jina la gharama. Inataka oili ya GL-5 iliyoandikwa LSD, na inataka matairi ya nyuma yalingane: ukiweka jipya kushoto na lililolika kulia, sahani zinasuguana mchana kutwa hata kwenye lami iliyonyooka.

LSD ya gia, kama Truetrac ya Eaton, haina sahani za kuisha. Gia zake za mshazari zikisukumwa hubanana na ukuta wa difu na kupeleka nguvu kwenye tairi lenye mshiko. Hii haitaki dawa ya sahani kwenye oili. Oili ya madini ya kawaida ya difu ndiyo inayopendekezwa. Udhaifu wake ni hesabu. Tuseme inaweza kumpa mwenye mshiko mara 3 ya anachopata anayeteleza. Anayeteleza akishika Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), mwenzake anapata 600, safi kabisa. Akiwa hewani anashika karibu na sifuri, na sifuri mara 3 ni sifuri. Dereva mzoefu hapo anakanyaga breki taratibu huku akiongeza mafuta kidogo, tairi la hewani linapata kitu cha kupingana nacho, na gari linasogea. Ni ustadi unaofundishika, lakini usitegemee kila utakayemwachia funguo ataukumbuka usiku kwenye mvua.

Loki

Loki inaunganisha matairi mawili ya ekseli yawe kitu kimoja. Moja likiwa hewani, jingine linapata nguvu yote. Zipo za kujifunga zenyewe na za swichi.

Ya kujifunga inayojulikana zaidi ni Detroit Locker. Zipo pia za bei nafuu zinazochukua nafasi ya spaida ndani ya difu yako ileile, na fundi anaweza kuzifunga bila kugusa mpangilio wa kraunwili (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Kwenye kona zinaachia tairi la nje lizunguke kwa mlio wa kokoko, na ukikanyaga mafuta katikati ya kona zinafunga na kuvuta usukani. Kwa gari la shamba lisilotoka shambani sina neno. Kwa pikapu inayoshuka na mzigo mlima wenye kona na lami iliyolowa, mimi siifungi, na mteja akishikilia namwomba aende kwa mwingine.

Ya swichi ndiyo inayonipa usingizi mzuri. Air Locker ya ARB ya Australia inafungwa na upepo kutoka kompresa ndogo. ELocker ya Eaton inatumia sumaku ya umeme. Za kiwandani za Toyota nyingi zina mota inayosukuma uma ndani ya difu. Swichi ikiwa imezimwa una difu ya kawaida, gari linakata kona kama siku zote. Ukiiwasha una loki kamili. Kasoro yake ni bei. Loki mpya ya aina hiyo kwa ekseli moja inafika kwenye dola 1,000 na kuendelea kabla ya kompresa, beringi, forodha na ufundi.

Kuna na njia ya nne, kuchomelea spaida zisizunguke kabisa. Inafanyika, nami nimeombwa. Gari la barabarani lisichomelewe difu. Kila kona tairi moja linaburutwa, hafushafti (shafti inayotoka difu kwenda kwenye tairi) inajikunja na kujikunjua mpaka ikatike, na kwenye lami yenye maji nyuma inaweza kumpita dereva.

Usisahau pia kwamba pikapu nyingi za miaka ya karibuni zina mfumo wa kompyuta unaofunga breki ya tairi linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Kama unao na sensa zake za ABS ni nzima, huenda LSD haitakuongezea mengi. Soma kitabu cha gari lako ujue jambo moja: ukiwasha loki ya nyuma, je, mfumo huo unaendelea kufanya kazi mbele au unazimika wote? Kwenye baadhi ya Hilux unazimika wote, na dereva anayewasha loki anashangaa matairi ya mbele yameanza kuteleza kuliko mwanzo. Hapo unajaribu kwanza bila loki, kisha nayo.

Barabara yenye mgongo

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapoumia.

Barabara zetu za udongo huchongwa na greda zikiwa na mgongo katikati ili maji yaende mitaroni. Mvua za masika zikinyesha juu ya mfinyanzi, mgongo ule unakuwa mteremko wa kuelekea mtaroni, kushoto na kulia. Tairi linalozunguka kwa kuteleza halina mshiko wa kuzuia gari lisiende pembeni. Kwenye difu ya kawaida, la nyuma moja likiteleza, la pili linabaki karibu limetulia, nalo linashikilia makalio ya gari yasiteremke. Ukifunga loki, yote mawili yanateleza pamoja, na hakuna kinachoshikilia. Nyuma inaondoka taratibu kuelekea mtaroni, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo inavyokwenda.

Loki ya swichi unaizima, unapita polepole kwa fowili, gia ya 2, mguu mwepesi. LSD ya sahani iliyo ngumu, na hasa loki ya kujifunga, huwezi kuizima. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nimwambie mtu wa Simanjiro, Longido au Loliondo anayepita njia za namna hiyo kila masika kwamba akusanye pesa polepole anunue ya swichi, asikimbilie ya kujifunga kwa kuwa ni rahisi.

Alikuja mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola na Land Cruiser ya 79, pikapu ya ule mfululizo wa 70.

"Fundi, nifungie loki mbele na nyuma. Nimechoka."

"Pole kaka. Unakwamia wapi?"

"Korongoni. Nikipanda ukingo wa pili, tupu, la nyuma linapaa."

"Na mbele?"

"Mbele hamna neno, mbele inavuta."

Nikamfungia nyuma peke yake. Pesa ya loki ya pili ikaenda kwenye matairi mapya na springi moja iliyokuwa imekatika jani.

Nyuma kwanza, karibu siku zote. Ukipanda mlima uzito unahamia nyuma, ndipo mshiko ulipo, na loki ya nyuma haikunyimi usukani. Loki ya mbele inafanya usukani uwe mgumu na gari ligome kukata kona. Ni ya mwendo wa kutambaa tu, kwenye mawe au mashimo makubwa. Kwenye pikapu zenye kusimamishwa huru mbele, kama Hilux, loki ya mbele inaweza kupeleka nguvu yote kwenye sivijointi moja (kiungo cha shafti kinachoruhusu tairi la mbele kukata kona), tena usukani ukiwa umekatwa, na hiyo ndiyo hali inayozivunja. Kama kweli unaihitaji mbele, hapo LSD ya gia mbele na loki ya swichi nyuma ni ndoa nzuri: mbele inasaidiwa kimyakimya, nyuma unaamua mwenyewe.

Kuhusu nguvu, piga hesabu kabla ya kujisifu. Injini ya 1HZ ya lita 4.2 inatoa takriban Nm 280. Ukiwa lo (gia nzito ya transfa), gia ya kwanza, giaboksi, transfa na difu vinaizidisha zaidi ya mara 40, kwa hiyo inazidi Nm 11,000. Difu ya kawaida inagawa nusu kwa nusu. Loki inaweza kuipeleka karibu yote kwenye hafushafti moja iliyonasa kwenye jiwe. Land Cruiser ya kazi ina ekseli ambayo tairi linabebwa na habu (kitovu cha tairi), hafushafti inazungusha tu, ndiyo maana inavumilia. Pikapu nyepesi ambayo hafushafti inabeba na uzito wa gari inataka mguu wa adabu.

Kununua

Difu zilizotumika zinazotoka Japani na zile zinazopitia Sharjah zinapatikana Gerezani na Shauri Moyo kule Dar es Salaam, na Kirinyaga Road kule Nairobi. Difu nzima ya kiwandani yenye loki yake ni ununuzi mzuri sana ukikuta nzima. Nenda na vipimo, usiende na jina la gari tu.

Cha kwanza ni uwiano. Hesabu meno ya kraunwili ugawe kwa meno ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.1, 43 kwa 11 ni 3.909. Mbele na nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, siku utakayoingiza fowili kwenye ardhi ngumu propela zitavutana mpaka transfa ipasuke. Cha pili ni idadi ya meno ya hafushafti na urefu wake. Cha tatu, hakikisha mota au bomba la upepo, waya zake na plagi vimo. Difu yenye loki bila mota yake ni mzigo. Mwambie muuzaji aiunganishe kwenye betri mbele yako uone uma ukienda na kurudi. Ingiza kidole kwenye oili iliyobaki: vumbi laini la chuma ni kawaida, ukikuta vipande vinavyochoma kidole, iache difu hapo hapo.

Kufunga

Loki nzuri iliyofungwa ovyo inakufa kabla ya difu kuukuu. Kraunwili ikihamishiwa kwenye loki mpya, nafasi kati yake na pinioni lazima ipimwe kwa dayogeji, saa ya kupimia nafasi ndogo. Difu nyingi za Toyota zinataka kati ya milimita 0.13 na 0.18. Milimita hizo hazipimwi kwa kutikisa kwa mkono na kusema "hapa sawa". Meno yapakwe rangi, yazungushwe, na alama ionekane imekaa katikati ya jino. Muulize fundi kabla hujamwachia gari: dayogeji iko wapi? Akikuonyesha, kaa. Beringi za pembeni ziwe mpya, na kwa loki ya upepo bomba lake lipitishwe juu, mbali na ekzosi na mbali na mawe, na nafasi ya kuchezea ekseli inapopanda na kushuka.

Kompresa isiwekwe chini ya injini kwenye njia ya maji. Kwenye korongo ndiko utakakoihitaji.

Kuitumia

Funga loki kabla hujakwama, gari likiwa limesimama au linatambaa, kamwe tairi likiwa linazunguka kwa kasi. Taa ya dashibodi ikipepesa, meno bado hayajakutana. Sogea nusu mita, geuza usukani kidogo, itatulia. Kwenye 79 hakikisha habu za mbele zimefungwa ziunganishe matairi na hafushafti, la sivyo unahangaika na difu ya nyuma peke yake. Ukishavuka, zima mara moja. Isipoachia, rudi nyuma kidogo usukani ukiwa umenyooka ili mkazo utoke kwenye hafushafti. Kwenye lami kavu isiwashwe hata kwa majaribio.

Baada ya kufunga difu mpya, epuka mzigo mzito kwa kilomita 500 za mwanzo, kisha mwaga oili uangalie sumaku ya nati ya chini. Mara moja kwa mwezi, hata kiangazi, peleka gari kwenye udongo laini, washa loki, nenda mita 20 moja kwa moja, zima. Mota za kiwandani hukamatwa na kutu zikikaa bila kufanya kazi, na uma ulioganda hauachii kwa swichi wala kwa maneno. Ni kuifungua yote, kuisafisha, kuipaka grisi na kubadilisha sili.